Jalada la Jarida na Majina ya Sehemu Zake

Katika kurasa zote za jarida hakuna ukurasa unaotazamwa na watu wengi kuliko jalada la mbele, na pengine hakuna unaozungumzwa kwa maneno yenye utata zaidi. Mtu asiyenunua jarida huliona jalada lake mezani kwa muuza magazeti. Mtumishi wa ofisi huliona linapopita mikononi mwake kwenda masjala. Mwanafunzi huliona maktabani kabla ya kujua kama ndani mna jambo linalomhusu. Hata hivyo, mwombe mhariri, mchoraji na mpiga chapa wa jarida moja wakutajie sehemu za jalada hilo kwa Kiswahili, na aghalabu utapewa majina matatu kwa kitu kimoja, na jina moja kwa vitu vitatu.

Makala haya yanakusudia kuhakiki kanuni zinazotawala jalada la mbele, na papo hapo kuyahakiki maneno tunayoyatumia kuzitaja. Mambo hayo mawili hayatengani. Hoja yetu ni kwamba kila sehemu ya jalada imewekwa mahali pake kwa ajili ya kazi fulani, na kwamba jina lake halina budi kutokana na kazi hiyo, si umbo lake, wala si neno la kigeni lililotangulia. Pale ambapo jambo hili limepuuzwa, hasara haikuwa ya wataalamu wa lugha peke yao. Ilikuwa ya idara iliyolipia uchapaji, na ya msomaji aliyekosa habari.

Jarida na jalada

Tuanze na majina mawili ya msingi. Neno jarida tumelipata kutoka Kiarabu, na huko hadi leo maana yake ni gazeti la habari. Sisi tumelipa kazi nyingine: chapisho litokalo kwa vipindi, ambalo kurasa zake zimeshonwa au kubanwa pamoja na kuvikwa jalada. Tofauti hiyo ni ya manufaa, maana kwa muda mrefu neno gazeti lilibeba yote mawili. Jalada nalo lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na wa neno lenye maana ya ngozi, kwa kuwa vitabu vilijalidiwa kwa ngozi.

Tatizo la jalada ni kwamba ofisi zetu zimelipa kazi ya pili. Masjalani, polisi na mahakamani, jalada ni mkusanyo wa hati za shauri moja. Hufunguliwa, hupelekwa na hufungwa. Mtumishi anayepokea barua isemayo kwamba jalada la jarida la idara halijakamilika hawezi kujua kama anatakiwa kumwona mchoraji au karani wa masjala. Wapo wanaouepuka utata huo kwa kusema kava. Neno hilo limeenea viwandani na shuleni, nasi hatuoni fahari katika kujifanya hatulisikii. Lina hata faida moja ya kweli, kwamba halichanganywi na faili. Lakini jalada lina jamaa yake katika lugha: kujalidi na mjalidi ni maneno yanayofahamika, ilhali kava limesimama pweke. Kwa hiyo tunapendekeza jalada libaki, na penye shaka maagizo yaseme waziwazi jalada la mbele au jalada la nyuma. Hakuna faili yenye jalada la mbele mahakamani, na maneno hayo mawili yanatosha kuondoa shaka.

Jina kuu

Sehemu ya kwanza kuonekana ni jina la jarida lenyewe. Kanuni ya kuliweka juu haikutokana na heshima tu, bali na meza ya muuzaji. Majarida yakipangwa kwa kulaliana, kinachobaki wazi ni ukanda wa juu, na mara nyingi pembe yake ya kushoto. Life, lilipoanza kutolewa kama jarida la picha nchini Marekani tarehe 23 Novemba 1936, liliweka jina lake katika pembe hiyo kwa herufi nyeupe ndani ya mstatili mwekundu, juu ya picha ya bwawa la Fort Peck iliyopigwa na Margaret Bourke-White. Ebony, lililoanzishwa na John H. Johnson mjini Chicago mwaka 1945, lilifuata utaratibu uo huo wa mstatili mwekundu na herufi nyeupe. Macho ya wasomaji yalikuwa yamekwisha kufundishwa mahali pa kutazama, wala Johnson hakuwa na haja ya kuyafundisha upya.

Kiingereza hulitaja jina hilo la jaladani kwa neno la mabaharia, lenye maana ya kilele cha mlingoti. Mfasiri mwenye kamusi tu mkononi hushawishika kuandika kichwa cha mlingoti. Na akiona kwamba hapo hapana merikebu, hukata mlingoti akabakiza kichwa. Hapo ndipo yanapoanza matatizo mawili. La kwanza ni kwamba neno hilo la mabaharia halina maana moja hata kwa wenyewe. Uingereza hulitumia aghalabu kwa jina la gazeti lililo juu ya ukurasa wa kwanza; Marekani hulitumia kwa orodha ya wahariri na watumishi iliyo kurasa za ndani. Anayefasiri mwongozo wa uchapaji bila kujua umetoka upande gani wa Atlantiki anaweza kuwapeleka wahariri wote jaladani.

Tatizo la pili ni la Kiswahili chenyewe. Kichwa ni kiungo cha mwili. Ni kichwa cha habari. Ni kichwa cha barua. Na sasa tunataka kiwe pia jina la jarida. Idara moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilipata kutuletea maagizo yake ya uchapaji tuyasahihishe, hasara ikiwa imekwisha kutokea. Maagizo yalisema: Kichwa kisifunikwe. Aliyeyaandika alikusudia jina la jarida. Mpiga chapa alielewa kuwa ni kichwa cha mgeni rasmi aliyekuwa pichani, akakiacha wazi kwa uangalifu mkubwa, nacho kikafunika nusu ya jina. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja alitii neno lililoandikwa, na neno lililoandikwa halikutosha.

Tunapendekeza sehemu hii iitwe jina kuu, na ile ya ndani iitwe kwa uwazi orodha ya wahariri. Maneno haya hayana mapambo, lakini mpiga chapa hatayakosea.

Yafaa hapa kujibu pingamizi moja. Itasemwa kwamba hata majarida makubwa huruhusu kichwa cha mtu kufunika sehemu ya jina. Ni kweli. Time, lililoanza tarehe 3 Machi 1923, hufanya hivyo mara kwa mara. Lakini jarida linaloweza kuficha herufi mbili za jina lake ni lile ambalo msomaji amekwisha kuliona mamia ya nyakati. Herufi zilizofichwa anazijaza mwenyewe. Jarida la idara litokalo mara nne kwa mwaka halijapata haki hiyo. Likificha jina, limejificha lenyewe.

Majarida na magazeti ya awali ya Kiswahili yalilielewa jambo hili, walau katika kuchagua majina. Msimulizi lilitoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Habari za Mwezi lilitoka Magila katika miaka ya 1890. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Kila jina lilimwambia msomaji kazi ya chapisho, na mawili ya mwisho yalimwambia hata wakati wake. Linganisha na majina ya siku hizi yaliyo vifupisho vya herufi tano au sita, ambavyo mwananchi hawezi kuvitamka wala kuvifumbua. Jina la namna hiyo hata likiandikwa kwa herufi kubwa kama kiganja haliwi jina kuu. Linabaki kuwa fumbo kubwa.

Fremu na pambizo

Kanuni ya pili ni ya kulifanya jalada litambulike hata kabla ya jina kusomwa. National Geographic lilichukua fremu ya njano mwaka 1910. Kwa miongo kadhaa ndani ya fremu hiyo paliwekwa orodha ya yaliyomo, hadi picha zilipoanza kuingia jaladani mwaka 1959. Picha ziliingia, fremu ikabaki. Time lilivaa fremu nyekundu mwaka 1927. Lilipoivua na kuvaa nyeusi katika toleo la mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, hapakuhitajika maelezo yoyote ya msiba. Mwaka 2008 lilivaa kijani kwa toleo la mazingira, na hapo pia rangi ilisema.

The New Yorker ni mfano mwingine. Tangu Februari 1925 jalada lake limekuwa mchoro, pamoja na utepe wa rangi unaoshuka ukingoni kando ya mgongo, bila ya kutangaza makala zilizomo. Toleo la tarehe 24 Septemba 2001, kazi ya Art Spiegelman na Françoise Mouly, lilikuwa na minara miwili myeusi juu ya weusi. Mtu aliyezoea michoro yenye rangi za kila wiki alielewa papo hapo.

Funzo la mifano hii ni kwamba mazoea ya jalada ni aina ya lugha, na lugha haina uwezo wa kusisitiza mpaka iwe na utaratibu wa kawaida. Hapa ndipo tunapokosoa mwenendo wa majarida mengi ya taasisi zetu. Toleo moja jina ni jekundu na limelala. Toleo linalofuata ni la buluu na limesimama. La tatu limehamia chini kwa kuwa picha ya mkutano ilikuwa pana. Wahariri huita hayo ubunifu. Lakini siku watakapokuwa na jambo zito la kusema kwa rangi, rangi haitasema kitu, kwa sababu haikupata kunyamaza.

Kwa upande wa istilahi, tahadhari moja yatosha. Pambizo ni nafasi tupu iachwayo pembeni mwa maandishi. Fremu ni mstari au ukanda uliochapwa kuzunguka picha. Maagizo yanayosema pambizo iwe ya njano yanaamuru utupu upakwe rangi. Mpiga chapa mwangalifu atarudi kuuliza, na asiye mwangalifu atapaka asipopaswa. Fremu ni neno ambalo kila fundi wa picha analijua, nasi hatuna sababu ya kulitafutia mbadala.

Kidokezo

Sehemu ya tatu ni yale maneno machache yanayotangaza yaliyomo. Wengi huyaita vichwa vya habari. Jina hilo halifai, kwa kuwa kichwa cha habari hukaa juu ya habari yake, na msomaji akishuka mstari mmoja huipata. Maneno ya jaladani yako mbali na makala yanayoyatangaza, na mara nyingi hayafanani na anwani ya makala hayo. Wengine huyaita dondoo. Nalo halifai: dondoo ni kipande kilichochukuliwa kutoka katika maandishi, na maneno haya hayachukuliwi popote, hutungwa. Kazi yake ni kudokeza, yaani kumpa msomaji sehemu ya jambo ili alitafute lililobaki. Kwa hiyo istilahi yake inayofaa ni kidokezo, na yakiwa mengi, vidokezo.

Faida ya neno hili inazidi usahihi. Lina ukosoaji ndani yake. Mtu anayedokeza anajua zaidi ya anayosema, na anayedokezwa ana haki ya kuelezwa. Kidokezo kisicho na makala yake ndani ni uongo, na kidokezo kinachosema kila kitu si kidokezo tena. Jalada lenye maneno kama Hotuba ya Ufunguzi, Ziara ya Mgeni Rasmi na Picha Mbalimbali halimdokezei mtu chochote. Limechukua orodha ya yaliyomo na kuipandisha ngazi. Kama hotuba hiyo ilibadili masharti ya pembejeo au ya uhamisho wa walimu, mabadiliko hayo ndiyo yaliyostahili kudokezwa, maana ndiyo yatakayomfanya mkulima au mwalimu alifungue jarida. Jarida la umma lisilofunguliwa limetumia fedha za umma kujaza kabati.

Kadhalika idadi ina maana. Esquire la Aprili 1968 lilibeba picha moja tu: Muhammad Ali akiwa amechomwa mishale kwa mfano wa michoro ya kale ya Mtakatifu Sebastian. Picha ilipigwa na Carl Fischer kwa wazo la George Lois. Mwaka uliotangulia Ali alikuwa amevuliwa ubingwa baada ya kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Wazo lilikuwa moja, na jalada likabeba moja. Hatusemi kila jarida liige. Jarida la kitaaluma lina sababu njema ya kuweka orodha ya yaliyomo jaladani, kwa kuwa msomaji wake anatafuta mada mahususi. Tunasema tu kwamba vidokezo kumi vya ukubwa mmoja vinashindana, na mshindi hapatikani. Siku hizi jalada huonekana pia kwenye kioo cha simu, dogo kama stempu. Katika ukubwa huo kidokezo cha nne na kuendelea ni vumbi.

Juzuu, namba na toleo

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni ukanda mdogo wenye tarehe na namba. Hapa Kiswahili kina maneno ya kutosha; kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatumia. Neno toleo hutumika kwa mambo mawili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, toleo la pili likawa la 2004, na la tatu la 2013. Hapo toleo ni kitabu kile kile kilichosahihishwa upya. Jarida likiandikwa Toleo la Tatu, halijasahihisha la pili. Limeleta makala mengine kabisa. Mwanafunzi anayeagizwa asome toleo la tatu la jarida lenye umri wa miaka ishirini hajui aanzie wapi, kwa sababu huenda kila mwaka ulikuwa na toleo lake la tatu.

Dawa tunayo tayari. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limezoea kuandika juzuu na namba pamoja, na utaratibu huo unafaa kuigwa na wote. Juzuu ni sehemu ya kitu kizima, kama ajuavyo kila aliyesoma chuoni juzuu 30 za Kurani. Katika majarida itumike kwa mkusanyo wa mwaka mmoja. Namba itumike kwa kila kitokacho ndani ya juzuu. Neno toleo libaki la mazungumzo, likifuatwa na mwezi wake: toleo la Machi. Nakala iwe ni ile moja iliyo mkononi, wala isichanganywe na toleo. Idara husambaza nakala. Haisambazi matoleo 3,000 kwa siku moja.

Pamoja na hayo kuna ISSN, namba ya kimataifa ya kutambulisha jarida, iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 1975. Ina tarakimu 8 zilizogawanywa mara mbili kwa kistari, na ya mwisho yaweza kuwa herufi X. Mhariri asidhani X hiyo ni kosa la mpiga chapa. Namba hii hulitambulisha jarida zima, si kila namba ya jarida, na jina kuu likibadilishwa kwa kiasi kikubwa, jarida huhitaji ISSN mpya. Basi anayebadili jina kuu kwa kuchoshwa nalo ajue anawavurugia kazi wakutubi wote waliolipanga. Ile mistari myeusi inayosomwa kwa mashine dukani hutokana na namba hiyo hiyo. Tarakimu zake ni 13, na kwa majarida huanza na 977. Wengi huiita kwa Kiingereza. Katika maagizo ya uchapaji yatosha kuandika mistari ya utambulisho.

Upande wa mgongo

Jambo la mwisho ni la pande. Tulisema kwamba pembe ya juu ya kushoto ndiyo hubaki wazi mezani. Mwandishi wa fasili angependa kuandika hivyo katika kamusi na kumaliza. Asiandike. Al-Arabi, jarida lililoanza kutolewa Kuwait mwezi Desemba 1958, hufunguliwa kutoka kulia kama maandishi ya Kiarabu yote. Mgongo wake uko kulia, na mahali ambapo sisi tunaona jalada la nyuma, wao ndipo wanapoanzia. Msomaji wa pwani aliyejifunza Kiswahili kwa hati ya Kiarabu halioni jambo hili kuwa geni. Fasili inayosema upande wa kushoto ni kweli kwa hati moja. Fasili inayosema upande wa mgongo ni kweli kwa zote mbili. Kanuni ile ile imerudi: taja kazi na uhusiano, usitaje sura uliyoizoea.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yatumike katika maagizo ya uchapaji, mitaala na tafsiri:

(a) jina kuu, kwa jina la jarida lililo jaladani;
(b) orodha ya wahariri, kwa orodha iliyo ndani;
(c) fremu, kwa ukanda uliochapwa kuzunguka picha, na pambizo kwa nafasi tupu;
(d) kidokezo, kwa maneno ya jaladani yanayotangaza makala;
(e) juzuu na namba, pamoja na mwezi na mwaka;
(f) upande wa mgongo na upande wa kufungulia, badala ya kushoto na kulia.

Yapo yatakayopingwa, hasa (d) na (e), na ni haki yapingwe na wanaoyatumia kila siku. Walimu, wafasiri na wapiga chapa wenye maneno bora wayalete kwa mhariri pamoja na mfano wa agizo ambamo neno hilo limetumika na likaeleweka. Mfano mmoja wa agizo lililoeleweka kiwandani una uzito kuliko hoja nyingi za mezani.